Pikipiki ya Silinda Moja

Vyombo vya kusafiria ni vingi, msomaji, na kila kimoja kina tabia yake. Gari humfunika msafiri kama nyumba. Baiskeli humdai nguvu za miguu. Punda humdai majani na subira. Pikipiki haimfuniki mtu, haimtoi jasho la miguu, wala haili majani. Lakini humdai kitu ambacho watu wengi huwa wachoyo wa kukitoa, nacho ni uangalifu. Katika pikipiki zote nizijuazo, inayodai uangalifu zaidi ni ile yenye silinda moja kubwa, mwili mwepesi, miguu mirefu na matairi ya lami. Wapenzi wake huiita supamoto. Nimekuwa nayo moja tangu mwaka 2016, na yale niliyojifunza kwayo, pamoja na yale niliyoyasikia kwa wenzangu wenye vyombo kama hicho, ndiyo nitakayo kukueleza.

Yamkini utasema kwamba pikipiki za silinda moja zimejaa kila pembe ya Kenya, na utakuwa umesema kweli. Karibu pikipiki zote za bodaboda ni za silinda moja, na nyingi zina ujazo wa cc 100 hadi 150. Jina hilo lenyewe lilizaliwa upande wa Busia, mpakani pa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipowapakia watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Supamoto ni ndugu wa pikipiki hizo, lakini amekulia nyumba nyingine. Ya bodaboda iliundwa kubeba mizigo polepole na kunywa petroli kidogo. Supamoto iliundwa kushindana.

Nasaba yake haifichiki. Mwaka 1979, huko Carlsbad katika jimbo la California, Marekani, yaliandaliwa mashindano yaliyoitwa Superbikers, yakaonyeshwa katika televisheni ya ABC. Aliyeyabuni, Gavin Trippe, alitaka kujibu swali moja: kati ya bingwa wa mbio za lami, bingwa wa mbio za duara za udongo, na bingwa wa mbio za mabonde na matope, ni nani mwendeshaji bora? Ili kupata jibu ilibidi njia moja iwe na lami, na udongo, na vilima vya kurukia. Na ilibidi chombo kimoja kiyaweze yote. Waendeshaji wakachukua pikipiki nyepesi za matope, wakazivika matairi yafaayo lami. Marekani iliyaacha mashindano hayo mwaka 1985, lakini mchezo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari na kutia mizizi Ulaya, hasa Ufaransa. Na mwaka 2002 yakaanza mashindano ya dunia. Viwanda vya Japani, Austria na Italia navyo viliunda pikipiki za namna hiyo kwa ajili ya watu wa kawaida wa barabarani.

Ukiiona kwa mara ya kwanza huenda ukaicheka. Kiti chake kiko juu, karibu sentimita 90 kutoka ardhini, hata mtu wa kimo cha kati husimamia ncha za vidole. Kiti chenyewe ni chembamba kama ubao, na baada ya mwendo wa saa mbili humkumbusha mpandaji kwamba nyama yake si nyingi kama alivyodhani. Hakuna kioo cha kukinga upepo. Tangi langu huchukua lita 10 tu, zinazonifikisha kilomita 200 na ushei, kisha hunibidi nitafute kituo cha petroli. Lakini uzito wake wote haufiki kilo 150, na kwa sababu hiyo hukata kona kwa utii usioonekana katika pikipiki kubwa. Mimi hukaa Limuru na hufanya kazi mjini Nairobi. Kila asubuhi huteremka kwa njia ya Banana na Ruaka, na kila jioni hupanda kurudi. Kwa kuwa nimeketi juu, huona mbele ya magari; na mahali penye shimo, magurudumu yenye miguu mirefu hulimeza shimo bila kunirusha.

Sasa tuutazame moyo wake. Injini ya namna hii hufanya kazi kwa mapigo manne. Kwanza pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli. Pili hupanda ikavibana. Tatu cheche ya plagi huviwasha, moto ukaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne hupanda tena ikautoa moshi. Katika mapigo manne, basi, ni moja tu linaloleta nguvu. Matatu hutumia akiba iliyomo katika gurudumu zito la ndani. Injini ya gari yenye silinda nne hugawana kazi: moja inapopumzika nyingine husukuma, na msafiri hausikii mkono uliochoka. Silinda iliyo peke yake haina wa kupokezana naye. Hupiga, ikangoja, ikapiga tena, na kila pigo hulisikia mpandaji katika viganja na nyayo zake.

Chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Katika injini kubwa ya KTM ya Austria, iitwayo 690, pistoni za miaka ya karibuni zina upana wa milimita 105, na kila pigo hutembea milimita 80. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huzunguka mara 100 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka, yaani milimita 160. Kwa sekunde moja, basi, kipande hicho cha chuma kimesafiri mita 16, kikisimama na kugeuka mara 200. Ukilifikiri jambo hilo, hutastaajabu kwamba pikipiki hutetema. Utastaajabu kwamba haivunjiki.

Mtetemo huo ndio sifa na ndio adha. Ni sifa kwa kuwa mpandaji huijua hali ya injini bila kutazama saa yoyote. Ni adha kwa kuwa hapana nati isiyoshawishika. Daktari mmoja wa mifugo wa Naivasha, ambaye huitumia supamoto yake kwenda katika mazizi ya mbali, aliniambia kwamba katika mwaka wa kwanza alipoteza bolti mbili za ekzosi, taa moja ya nyuma na kibao cha namba. Hakukasirika. Alinunua dawa ya kugandisha nati, akazipaka zote moja baada ya moja, akachora kwa rangi nyeupe mstari mdogo unaopita juu ya kila nati mpaka kwenye chuma cha jirani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi huzunguka pikipiki yake akitazama mistari. Mstari ukivunjika, nati imecheza. Kazi hiyo humchukua dakika tano, nami nimeiiga mpaka leo.

Hewa nayo ina neno lake. Waendeshaji wengi hudhani kwamba pikipiki hula petroli peke yake. Kumbe hula hewa nyingi zaidi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, na Limuru karibu mita 2,200. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi: Nairobi ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita, na Limuru kwa karibu sehemu moja katika tano. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ikiletwa huku juu, humimina petroli kuliko inavyostahili hewa iliyopo. Plagi huwa nyeusi kama sufuria ya kuni, moshi hunuka, na nguvu hupungua. Fundi mmoja wa Mombasa alipopanda kunitembelea alilalamika kwamba pikipiki yake imeugua njiani. Tuliitoa plagi, tukaiona masizi, tukabadili kijitundu cha kabureta kwa kidogo zaidi, na ugonjwa ukaisha. Aliporudi kwao alikirudisha kile cha kwanza kabla ya kufika pwani, kwa kuwa kosa la upande wa pili ni baya zaidi: petroli ikiwa kidogo na hewa nyingi, injini hupata joto la kupita kiasi, na pistoni huweza kuharibika.

Fundi huyo ana adui mwingine ambaye sisi wa bara hatumjui sana, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huila rangi, huzila spoki, huula mnyororo. Yeye huiosha pikipiki yake kwa maji matamu, huikausha kwa tambara, na huyapaka mafuta mahali pote palipo wazi. Sisi adui yetu ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara ya murram ni jembamba kuliko unga, na likipita katika chujio la hewa huisugua silinda kama msasa. Chujio langu ni la sponji. Hulitoa, hulifua kwa mafuta ya taa kisha kwa maji ya sabuni, hulikausha kivulini, na hulipaka mafuta yake maalumu kabla ya kulirudisha. Ukiona jinsi maji ya kwanza yanavyotoka mekundu, ndipo hujua ni nini ambacho injini ingekula.

Mnyororo unataka ulegevu wa kiasi. Ukikaza mno, gurudumu linapopanda na kushuka mnyororo huvutika na kula meno. Ukilegea mno, huweza kuruka. Usafishe, uupake mafuta, uupime pikipiki ikiwa imesimama. Wala usiuguse injini ikiwa inazunguka, kwa maana mnyororo haujui tofauti ya tambara na kidole.

Na spoki je? Mwalimu mmoja wa hesabu wa Nyeri, mwanamke mwenye supamoto nyekundu ambayo wanafunzi wake huijua kwa mlio kabla hajafika langoni, alinifundisha njia niipendayo sana. Huinua gurudumu, hulizungusha polepole, na hugonga kila spoki kwa spana ndogo. Spoki iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba kama uzi wa zeze. Iliyolegea hutoa sauti nzito ya bati. Sikio humwonyesha lile ambalo jicho haliwezi kuliona. Spoki moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake. Na jirani wakichoka, gurudumu zima hupinda.

Kuhusu oili nitasema machache. Injini yangu haichukui hata lita mbili, na katika pikipiki nyingi za namna hii oili hiyo moja hulainisha pistoni, hulainisha gia, na huioshea klachi sahani zake. Kwa hiyo oili ya gari, yenye dawa ya kupunguza msuguano, huweza kuifanya klachi iteleze. Oili kidogo huchoka upesi, kama vile maji ya kisima kidogo yanavyochafuka upesi. Mwenye supamoto huitazama mara kwa mara, na akiimwaga huitazama tena katika bakuli, kwa kuwa chembe za chuma zinazometameta ni barua iliyotoka ndani.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote nililipata kwa vali. Kati ya vali na kile kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo mno. Katika injini yangu, vali za kuingiza hewa hutaka nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.20. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.10, ndiyo kusema, uzima wa injini umetegemea nafasi ya karatasi moja au mbili. Nafasi ikizidi, vali hugonga kwa sauti ya tiki tiki, na mwenye pikipiki huogopa akaenda kwa fundi. Nafasi ikitoweka, injini huwa tulivu kuliko ilivyokuwa, na mwenye pikipiki hufurahi. Furaha hiyo ni ya bure. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa. Moto hupenya ubavuni pake kila pigo, hata ikaungua. Basi, msomaji, si kila kelele iliyo ugonjwa, wala si kila kimya kilicho afya. Kwa kuwa masikio hayatoshi, hatuna budi kupima.

Na aliyepima bila kuandika amepima nusu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nina daftari la kurasa tisini, la aina ile ile utumiayo darasani, nimeandika ndani yake tarehe, kilomita, na kila kilichofanywa: oili, chujio, plagi, spoki, vali. Lugha yake si tamu, lakini hapana kitabu katika nyumba yangu kilichoniepusha na hasara nyingi kuliko hicho. Siku moja kiliniepusha na zaidi ya hasara.

Ilikuwa katikati ya muhula wa pili wa mwaka 2019. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule moja ya Naivasha, alikuwa amekuja Limuru kwa mapumziko mafupi, nami nilikuwa nimemwahidi kumrudisha kwa pikipiki. Njia yetu ilikuwa ile ya zamani iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali liko kando ya barabara. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde, na malori hushuka kwa kufuatana. Kijana alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake jinsi atakavyofika. Alivaa kofia ya kinga nusu saa kabla ya wakati.

Nilipoiwasha injini ikiwa baridi, nilisikia sauti ya sarafu chache katika kopo. Ilidumu kwa sekunde tatu, ikatoweka. Nilizima, nikangoja, nikawasha tena. Sauti ikaja, ikaenda. Nilifungua daftari. Juma mbili nyuma nilikuwa nimeandika: "Mlio mdogo upande wa kushoto, asubuhi, sekunde moja." Sekunde moja ilikuwa imekuwa tatu. Upande huo ndio unaopita mnyororo wa ndani, ambao mafundi huuita cheni ya taimingi, unaoziamrisha vali zifunguke na kufungika kwa wakati wake. Kifaa chenye springi huusukuma usilegee.

"Mjomba," akasema kijana, "sauti imekwisha. Twende tu."

Nikamwambia, "Mwanangu, sauti imekwisha, lakini kilichoitoa bado kimo ndani. Leo tutapanda matatu."

Hakunijibu. Alivua kofia, akaiweka juu ya kiti kwa adabu yote, na tangu Limuru hadi Naivasha hakusema neno ila kumwambia makanga mahali pa kushukia. Dada yangu naye aliniuliza kwa simu kwa nini nimemvunja mtoto moyo kwa mlio wa sekunde tatu. Mchelea mwana kulia hulia yeye; nilinyamaza, nikaifunika pikipiki kwa turubai.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa, nilimwita tuifungue pamoja. Yeye alishika tochi. Tulipotoa kile kifaa cha kusukumia mnyororo, nusu ya springi ilitoka nacho, na nusu ya pili tuliivua kwa sumaku. Meno yaliyopaswa kukishika yasirudi nyuma yalikuwa yamelika. Nilimwonyesha jinsi mnyororo ulivyolegea, na jinsi ulivyobakisha kidogo tu kuruka jino. Ungaliruka, vali zingalikuwa wazi wakati pistoni inapopanda, chuma kingaligonga chuma, injini ingaliweza kukwama mara moja, na gurudumu la nyuma lingalikwama pamoja nayo. Kijana alikitazama kile kipande cha springi katika kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ingekatika tukiwa wapi, Mjomba?"

Swali hilo sikulijibu, wala hapana fundi awezaye kulijibu. Yawezekana ingekatika mlangoni petu, tukacheka. Yawezekana ingekatika kwenye mteremko, lori likiwa nyuma yetu. Mtu hapewi kuchagua mahali pa kuharibikiwa. Hupewa kuchagua siku ya kutazama. Tulitia kifaa kipya, tukaupanga mnyororo kwa alama zake, tukazungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kuiwasha. Yeye ndiye aliyeandika katika daftari siku ile.

Utunzaji hautoshi ikiwa uendeshaji ni wa pupa. Supamoto ina nguvu nyingi katika mwendo mdogo, na nguvu hiyo humjia kijana kama sifa masikioni. Matairi yake hushika lami vizuri yakiwa na joto. Yakiwa baridi, au mvua ya kwanza inapoinua vumbi na mafuta ya magari juu ya barabara, huteleza kama miguu juu ya kigae. Kwenye matope hayana meno ya kushikilia. Katika mteremko mrefu, mwendeshaji mwenye akili hutumia gia ndogo injini imzuie, asizichoshe breki. Na maji ya breki huyabadili kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ukichemka breki hupoteza nguvu.

Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji avae kofia ya kinga na koti lenye kuakisi mwanga, amtafutie abiria wake vitu hivyo hivyo, wala asipakie zaidi ya abiria mmoja. Wako wanaoivaa kofia kwa kumwogopa askari, na wakimpita huitundika mkononi, kana kwamba kiwiko ndicho kilicho na ubongo. Wadi za mifupa katika hospitali zetu zinawajua vijana wengi waliokuwa hodari barabarani. Uhodari wao haukuwa na kasoro. Kilichopungua kilikuwa ni kofia, au breki, au subira ya dakika moja.

Haifai nikusifie chombo hiki nikakuficha gharama zake. Vipuri vya bodaboda hupatikana katika kila soko. Vya supamoto ni adimu. Nimeizunguka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, duka hata duka, nikitafuta gasketi moja, nikaambulia kikombe cha chai na ahadi. Vipuri vingine huagizwa ng'ambo, na mwenye navyo hukaa majuma mengi akipanda matatu kama watu wengine. Kwa bei ya vitu hivyo, mtu angeweza kununua pikipiki ndogo isiyomsumbua. Wenzangu wote niliowataja hulijua jambo hilo, na hapana hata mmoja aliyeuza chake. Nilipomwuliza yule mwalimu wa Nyeri sababu, alisema kwamba chombo kisichomdai kitu hakimfundishi kitu.

Leo pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika barabara za Nairobi. Hazina pistoni, wala vali, wala plagi, na pengine utakapokuwa mtu mzima injini nilizokueleza zitakuwa vitu vya kale. Sitazililia. Lakini pikipiki ya umeme nayo ina breki, ina matairi, ina nati, na juu yake ameketi mtu yule yule mwenye haraka zile zile. Viwanda vimebuni njia nyingi za kuipa mashine nguvu. Uangalifu bado hutoka kwa mwenye mashine.

Nawe, msomaji, hata kama hutamiliki pikipiki maishani mwako, utamiliki au utakabidhiwa kitu kisicho na mwenzi wa kukisaidia kikichoka: jicho, moyo, jina jema, dada au ndugu mdogo aliye chini ya ulinzi wako. Vitu vya namna hiyo havipigi kelele nyingi kabla ya kuharibika. Vitazame vikiwa vizima, sikiliza mlio wa sekunde moja kabla haujawa wa sekunde tatu, andika ulichokiona, na siku ikikulazimu kuiahirisha safari, iahirishe bila haya.